Usilitengeneze Dawati Hilo

Fundi Randa hakuwa na saa. Alijua kuwa kumekucha sawasawa pale binti yake wa mwisho alipopita karakana na mkoba wake wa shule. Binti huyo alikuwa darasa la tatu. Kila asubuhi aliokota ganda refu la mbao iliyopigwa randa, lililojikunja sakafuni, akalitundika sikioni kama hereni.

"Baba, nimependeza?"

"Umependeza. Lakini mwalimu akikukuta nalo darasani, usinitaje."

Jina halisi la fundi watu walikuwa wamelisahau. Alishika randa tangu ujana wake, basi akabaki Randa. Alikuwa seremala hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kuona kitu kibovu cha mbao akakiacha. Siku moja alimsindikiza mkewe hospitali, akarudi amekaza miguu ya benchi la wagonjwa.

"Ningekuwa benchi," mkewe alimwambia, "ungeniangalia mara mbili kwa siku."

Ugonjwa huo ndio uliompeleka shuleni. Mwanzo wa mwaka, shule ilipokea madawati mapya mia mbili kutoka halmashauri. Mwezi haukwisha, yakaanza kuvunjika. Mwalimu mkuu alimwomba Randa msaada. Kila Jumamosi Randa alikwenda na nyundo, gundi na mbao zake mwenyewe. Aliyatengeneza bure. Yalikuwa yamefika arobaini na moja.

"Watoto ni wetu," alisema, na kwake yakaishia hapo.

Jumatatu moja, kabla ya saa sita, binti yake alirudi nyumbani ameshikwa mkono na mwalimu. Mkono wa pili ulikuwa umefungwa kwenye rula kwa kitambaa. Machozi yalikuwa yamemkaukia usoni.

"Dawati limekatika, Baba," alisema. "Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa chini."

Hospitali walisema mfupa umevunjika mahali pawili. Mkewe alipokaa na mtoto kusubiri plasta, Randa alitoka akaenda moja kwa moja shuleni.

Mwalimu mkuu alimpokea mlangoni. "Fundi, pole sana. Nilikuwa nataka nikuite. Yamebaki tisa mabovu, pamoja na hilo la leo. Ukipata nafasi Jumamosi..."

Randa alilipindua dawati lililomvunja mwanawe. Halikuwa na kiungo hata kimoja. Kilichoitwa mbao kilikuwa maranda na vumbi, vimegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Misumari ilikuwa mifupi kama meno ya mtoto.

"Nani alipokea uchafu huu?" aliuliza.

"Ofisa manunuzi wa halmashauri ndiye aliyesaini. Mimi niliambiwa niyapange tu darasani." Mwalimu mkuu alishusha sauti. "Tena alituletea na dawati la mfano, kutuonyesha kazi ya kampuni. Lipo ofisini. Hilo ni zuri kweli."

Randa hakuwahi kuingia ofisini humo. Kila Jumamosi alipokuja ilikuwa imefungwa. Aliingia, akaliona dawati la mfano limebeba mafaili. Alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya ubao wa kukalia. Vijiti vitatu vya mbao nyeusi, viwili vidogo na kimoja kikubwa, vilikuwa vimepigwa kwenye kila kiungo. Hivyo ndivyo marehemu baba yake alivyomfundisha kufunga viungo bila msumari. Mtaani hapakuwa na fundi mwingine aliyefanya hivyo.

Lilikuwa dawati lake.

Miezi minane nyuma halmashauri ilitangaza zabuni. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka sampuli. Randa alifanya kazi siku tisa. Aliliacha dawati pamoja na maelezo yake ya maandishi ofisini kwa ofisa, hakuomba hata stakabadhi. Kampuni nyingine ikashinda. Alipokwenda kudai dawati lake, ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Limeliwa na mchwa, fundi. Pole."

Leo Randa aliwajua mchwa wenyewe. Walivaa tai.

Alifika nyumbani jioni, akamweleza mkewe, aliyekuwa amesharudi na mtoto, yote aliyoyaona, kisha akachukua nyundo kubwa.

"Unakwenda wapi na hiyo?" mkewe aliuliza.

"Kuua mchwa."

"Baba watoto, weka chini. Ukimpiga, kesho yeye atakuwa mgonjwa na wewe mfungwa. Nani atasema habari ya madawati? Mimi nimeshaita watu tangu tulipotoka hospitali. Wasikilize kwanza. Ukiona hawana maana, nyundo haitakimbia."

Watu wenyewe walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Mama Mbao, muuza mbao wa mtaa na rafiki wa mkewe. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara na mafundi. Wa pili alikuwa dada mwembamba mwenye mkoba mnene. Alifanya kazi katika kikundi cha wananchi kinachofuatilia huduma za umma. Watu walimwita Dada Fomu, kwa kuwa hakuna siku aliyoonekana bila fomu.

Alimsikiliza Randa mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Madawati yaliyovunjika yako wapi, kaka?"

"Nimetengeneza arobaini na moja," alisema Randa. "Ni imara sasa. Hata tembo akalie."

Dada Fomu alifunga macho. "Kaka, Mungu akubariki kwa moyo wako. Lakini mwizi aliacha nyayo arobaini na moja, na wewe umezifagia zote."

Randa alihisi kama amepigwa kofi. Alitazama mikono yake. Kwa miezi yote hiyo alidhani anawasaidia watoto. Kumbe kila Jumamosi alikuwa akimsaidia ofisa kulala usingizi.

"Kwa hiyo kosa ni langu?" alifoka. "Mwanangu amevunjika mkono, halafu kosa ni langu?"

"Kosa ni la aliyeiba. Na hasira yako ni ya haki, usiipoze. Ila tuipe kazi. Yamebaki tisa, siyo? Basi usiyaguse. Tuyapige picha, tuyape namba, tuyafungie chumbani. Jumatatu ijayo kampuni ileile inaleta madawati mengine mia tatu. Ofisa akisaini hati ya kupokea, imekwisha. Watakaa watoto mia tisa juu ya vumbi."

"Atasaini tu. Yeye ndiye serikali."

"Yeye ni mtumishi. Serikali ni pamoja na mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Nimemfahamu mwaka mzima, analalamika kwamba anapata tetesi tu, hapati ushahidi. Sisi wananchi tuna macho shuleni, lakini hatujui mbao. Nyinyi mnajua mbao, lakini hamna mamlaka. Yeye ana mamlaka, lakini hana macho. Kila mmoja peke yake ni bure."

"Kigoda cha miguu mitatu," alisema Randa polepole. "Hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Mguu mmoja ukitoka, kinaanguka."

"Umesema vizuri kuliko fomu zangu zote."

Mama Mbao alikohoa. "Shemeji, na mimi niseme langu. Sisi wafanyabiashara tusijitie malaika. Mkono unaopokea upo kwa sababu kuna mkono unaotoa. Mwaka juzi nilimpa huyuhuyu ofisa bahasha ili nipate kazi ya milango. Nikapata. Ndivyo alivyozoea." Aliinama. "Nitamwambia mkaguzi kwa mdomo wangu. Na umoja wetu utasaini kwamba hakuna atakayetoa tena. Atakayetoa, tunamtaja wenyewe."

Mke wa Randa alimtazama rafiki yake. "Mwenzangu, umenikasirisha," alisema. "Lakini afadhali umesema. Kaa unywe chai."

Siku iliyofuata walikwenda wote kwa mkaguzi, mzee wa miwani mizito. Dada Fomu alipeleka barua ya kuomba kuona vipimo vya mkataba wa madawati. "Fedha ni za umma, basi na karatasi ni za umma," alisema. Mkaguzi alizitoa. Vipimo vilisema mbao ngumu, viungo vya ulimi na tundu, bila misumari. Vilikuwa vimenakiliwa, neno kwa neno, kutoka kwenye maelezo ambayo Randa aliyapeleka na sampuli yake.

Habari ina miguu. Alhamisi mchana, gari jeupe lilisimama mbele ya karakana. Ofisa manunuzi alishuka, akakanyaga maranda kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuchafua viatu.

"Fundi wangu! Nimesikia ya mtoto. Pole sana. Hizi ni ajali."

"Ajali," alisema Randa. Aliendelea kupiga randa.

"Sasa, kuna madawati tisa pale shuleni. Yananisumbua moyo. Yatengeneze kimya kimya kama ulivyotengeneza yale mengine. Wewe ni mtu wa kazi, si mtu wa mikutano. Zabuni ijayo nitakukumbuka. Nusu ya kazi ni yako."

Randa alisimamisha randa. Nusu ya kazi ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Ilikuwa bati jipya juu ya karakana. Kupitia dirisha alimwona binti yake amekaa kitandani, akijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zinaanguka kama walevi.

"Bwana ofisa," alisema, "dawati langu lililoliwa na mchwa, uliwahi kuliona tena?"

Ofisa alicheka kidogo. Kisha hakucheka.

"Toka," alisema Randa. "Toka kabla sijakumbuka nyundo iko wapi."

Jumatatu lori lilifika shuleni. Ofisa alikuwa na kalamu mkononi tayari. Lakini uani hakumkuta mwalimu mkuu peke yake. Kulikuwa na kamati ya wazazi, Mama Mbao na wenzake watano, Dada Fomu na mkoba wake. Mkaguzi alikuwa amekaa katikati, kwenye kiti cha kuazima. Binti wa Randa alisimama karibu na mama yake, plasta yake imejaa majina ya marafiki.

"Kuna sherehe?" ofisa aliuliza.

"Kuna mapokezi," alijibu mkaguzi. "Kuanzia leo, bidhaa ya shule inapokelewa mbele ya pande tatu. Mkurugenzi wa halmashauri ameridhia, barua hii hapa."

Dawati la mfano lilitolewa ofisini. Mwenye kampuni, mtu mnene aliyekuja na lori, alilipigapiga kwa fahari. "Kazi ya mikono yetu hii!"

"Vizuri," mkaguzi alisema. "Mmetumia misumari mingapi?"

Mwenye kampuni alimtazama ofisa. Ofisa alitazama mawingu.

"Kumi na sita," alisema mwenye kampuni.

"Fundi, pindua."

Randa alilipindua. Watu walisogea. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Vilikuwapo vijiti vyeusi, vitatu vitatu. Mkewe aliweka kando yake kigoda cha jikoni kwao, akakipindua pia. Vijiti vilevile. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Sasa haya mapya," mkaguzi alisema. Dawati moja lilishushwa kwenye lori, liking'aa kwa rangi. "Bwana ofisa, kabla ya kusaini, kalia."

"Mimi?"

"Wewe. Na mwenye kampuni. Na mtu mmoja zaidi. Darasani wanakaa watatu."

Ofisa hakusogea. "Mimi ni mtu mzima. Dawati ni la watoto."

Hapo Randa, aliyekuwa ameahidi kunyamaza, alishindwa. "Kalia!" alinguruma. "Mwanangu alikalia! Hakuulizwa kama anaogopa. Aliambiwa kaa, soma, utakuwa mtu. Akakaa! Wewe umesaini kwa kalamu hiyo kwamba ni imara. Basi kalia!"

Ofisa alilitazama dawati kama mtu anayetazama shimo. Hakulikalia. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

"Andika," mkaguzi alimwambia karani wake. "Aliyenunua amekataa kukalia alichonunua."

Lori liliondoka na mzigo wake wote. Wiki hiyo ofisa alisimamishwa kazi. Madawati tisa, picha zake, vipimo, na maelezo ya Mama Mbao vilikwenda kwa wachunguzi wa rushwa. Kampuni ilizuiwa kuomba kazi ya umma, na kesi ikafunguliwa.

Zabuni ilitangazwa upya. Safari hii kila sampuli ilipewa namba na stakabadhi, ikafungiwa stoo yenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikaa nao mkaguzi, wa pili umoja wa wafanyabiashara, wa tatu kikundi cha wananchi. Bahasha zilifunguliwa hadharani, na alama zikasomwa kwa sauti.

Randa alikuwa wa pili. Fundi wa mtaa wa jirani alimshinda kwa alama mbili. Mchana ule hakula. Lakini siku ya mapokezi, kwa niaba ya umoja wa mafundi, aliingia chini ya madawati ya mwenzake, moja baada ya jingine, akagonga kila kiungo. Alitoka na vumbi kichwani.

"Mabaya?" mkewe aliuliza.

"Mazuri," alisema kwa uchungu. "Mazuri sana. Jamaa anajua kazi." Akasaini.

Plasta ilipotoka, binti yake alirudi darasani. Siku ya kwanza alilitikisa dawati lake jipya kwa nguvu zote. Halikulia hata kidogo. Ndipo akakaa, hereni yake ya maranda sikioni.

Kesi ilipokwisha na ofisa akafungwa, mkaguzi aliomba lile dawati lililomvunja mkono binti wa Randa. Aliliweka katika chumba cha kufungulia zabuni, mbele kabisa. Kila anayekuja kuomba kazi huliona kwanza, na mguu wake uliokatika, na vumbi lake linalomwagika.

Randa huja pale kwa zabuni nyingine. Kila akiliona, hasira humpanda upya, na mikono humwasha. Ni kazi ya dakika kumi tu, mguu mmoja na gundi kidogo.

Huiweka mikono mfukoni, akakaa, akasubiri bahasha zifunguliwe.