Sala Ndani ya Matete

Victorine, rafiki yangu aliyebatizwa na mapadri kule Tanganika, alinisimulia haya mara moja tu. Asubuhi moja, alipokuwa amerudi kwao, alimwacha mama yake kijijini, karibu na Kindu, akashuka hadi mto Lualaba kutoa mihogo aliyoiloweka. Mara bunduki zikalia kijijini. Wakamata watumwa wakaja mtoni. Akajificha ndani ya matete, maji yakamfika chini ya pua. Akaanza Baba Yetu moyoni, lakini kwa hofu maneno yakampotea katikati.

Miguu ikasimama karibu naye.

“Iko muntu hapa.”

“Mumoja? Sikiliza! Iko wengi, wanasali. Tukimbie!”

Wakakimbia. Victorine hakuwa ametoa sauti. Nyuma yake, mateteni, watu wasioonekana waliendelea na sala pale alipoishia. Sauti moja ilikuwa ya mama yake, ambaye hakuwahi kufundishwa sala ile.