Dirisha Lisilofungwa Kufuli

Asubuhi ile duka la kuchapisha ramani lilijaa mpaka watu wakawa wanapumuliana visogoni. Msichana mmoja, mchoraji wa ramani za majengo, alikuwa amevaa gauni la kijani lenye vitone vyeupe, kalamu kaichomeka kwenye nywele na kaisahau huko. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, imetobokatoboka kifuani kwa cheche za moto kama nguo iliyoliwa na nondo. Kazi yake kuchomelea vyuma, na karakanani walimwita Cheche. Mwenye duka alikunja makaratasi mbiombio, akagawa huku akiongea na simu, na kila mmoja akaondoka na ya mwenzake.

Cheche alimkimbilia mpaka kona ya benki.

"Dada, samahani. Umenichukulia geti langu."

Mchoraji alifungua karatasi, akatazama, akamtazama na yeye.

"Na wewe umekumbatia vyoo vyangu vinne."

Basi walicheka, na kicheko kile ndicho kilichowaponza. Wakabadilishana namba, na kwa miezi mitano simu haikutulia. Shangazi, aliyekuwa akiishi na mchoraji, aliuliza kama huyo bwana wa simu ana kazi yoyote duniani. Mchoraji alimjibu kwamba anayo, ila anaifanya kwa mkono mmoja.

Mwezi wa sita kazi zao zikakutana. Ofisi ya mchoraji ilipewa maktaba ya watoto, jengo la ghorofa moja, na karakana ya kina Cheche ikapewa kutengeneza ngazi yake ya chuma. Ramani ya ngazi akapewa mchoraji aichore peke yake. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi, yamebaki majuma mawili, na bosi wake alikwisha kumwambia kwamba ngazi hiyo ndiyo itakayosema kama anabaki au anaondoka.

Sasa ieleweke namna kazi hiyo inavyokwenda. Kwenye kompyuta jengo huchorwa lote kwa ukubwa wake halisi. Kisha huwekwa karatasi, na kwenye karatasi hufunguliwa dirisha. Ukichungulia humo unaliona jengo limekaa mbali, limepunguzwa mara hamsini, na pembeni huandikwa hivyo hivyo, moja kwa hamsini. Dirisha lina kufuli lake dogo. Usipolifunga, ukaingia ndani na kuzungusha kigurudumu cha kipanya, jengo husogea au hurudi nyuma, na maandishi ya pembeni hayajui habari hiyo.

Siku ya kumaliza, Cheche alipiga simu. Alitaka kujua ngazi ina vidato vingapi, au tuseme alitaka kusikia sauti na vidato vikawa kisingizio. Mchoraji aliingia dirishani, akazungusha kigurudumu, ngazi ikaja karibu, akahesabu kumi na tano. Kijana akamwambia ahesabu tena polepole, sauti yake inamtuliza. Mchoraji akacheka, akamwita muongo mkubwa, akairudisha ngazi mahali pake kwa kukadiria tu kwa macho, akatoka dirishani na kupeleka ramani ikachapishwe. Kufuli hakuligusa.

Majuma mawili hayakuisha. Jumatano asubuhi Cheche alipiga simu, na safari hii hakuanza na mpenzi wala mchumba.

"Umenichorea nini wewe? Ngazi imepungua shubiri nzima. Haifiki juu."

"Ramani yangu haina kosa. Labda hujui kuisoma."

"Mimi sijui kusoma?"

"Ndivyo nilivyosema."

Kijana akakata simu. Nusu saa baadaye bosi alimwita mchoraji, akamwambia amesikia kutoka kwenye ujenzi kwamba ngazi ina walakini, na saa nane mchana winchi itainyanyua mbele ya watu wote, tutaona. Mchoraji alirudi kitini. Nani mwingine angemwambia bosi? Huyo huyo aliyekuwa akimwita mboni ya jicho. Machozi yalimlenga, akayameza, akafungua ramani yake kutafuta kosa la mtu mwingine.

Alisoma vipimo kimoja kimoja. Vyote sawa. Akabaki kulitazama dirisha. Kwa macho halikuwa na neno. Akalibofya lijieleze lenyewe, nalo likajieleza: moja kwa hamsini na tatu.

Akaachia kipanya. Urefu wa chuma cha ubavuni, kile kinachobeba vidato, haukuandikwa popote, na fundi asiyeona namba huchukua rula. Sentimita nane za karatasi zingempa mita nne. Dirisha lake lilimpa saba na nusu na kidogo, yaani mita tatu na sentimita sabini na saba. Shubiri nzima, kama alivyosema.

Angenyamaza, nani angejua? Angeweza kulirudisha dirisha hamsini sasa hivi, alifunge kufuli, na fundi aonekane amekata ovyo. Kazi yake ingepona. Alilifikiria hilo, tusimpambe, alilifikiria mpaka mshale wa saa ukasogea. Kisha akapiga simu. Mara ya kwanza haikupokelewa, wala ya tano, wala ya kumi na moja. Saa saba na robo alichukua pochi, akapanda pikipiki, akamwambia dereva asimwulize kitu.

Kwenye ujenzi alikuta winchi imekwisha kuning'iniza mnyororo. Ngazi ililala chini, imepakwa rangi nyeusi mbichi inayonukia, na kwa mshangao wake ilikuwa na urefu kamili. Akainama. Karibu na kichwa cha kila ubavu, chini ya rangi, palikuwa na mshono wa moto. Vyuma vimeungwa.

Cheche alikuwa pembeni, miwani ya kazi kwenye paji la uso, macho mekundu.

"Umeiunga," mchoraji alisema.

"Nenda ofisini. Itasimama, hakuna atakayeuliza tena."

"Kwa nini?"

"Majaribio yako ya kazi hayajaisha. Unadhani nimesahau?"

Hapo ndipo mchoraji alipofahamu kwamba si Cheche aliyempelekea bosi maneno. Msimamizi wa ujenzi, kijana alimweleza, ndiye aliyepita asubuhi, akaona ngazi fupi, akapiga simu. Cheche alikuwa amemwambia msimamizi kwamba ni yeye aliyekosea kukata, na kwamba ataiweka sawa.

"Watoto watapanda hapa," mchoraji alisema. "Arobaini kwa mara moja. Mshono huu unaweza kuuapia?"

Msimamizi alipiga filimbi, mnyororo ukaanza kushuka, na mchoraji akaenda akasimama juu ya kidato cha kwanza, rangi mbichi ikimshika viatu.

"Isinyanyuliwe. Kosa ni langu. Dirisha la ramani nililiacha wazi, kipimo kikahama."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyeleta mvua kwenye arusi. Cheche akavua miwani, akasema naye alipima karatasi kwa rula badala ya kupiga simu kuuliza, jambo ambalo fundi hufundishwa siku ya kwanza asilifanye. Msimamizi aliwapa maneno yao, mengi na ya haki, akaifukuza winchi, akaagiza mbavu zikatwe upya kabla ya jua kuzama. Bosi naye, kwenye simu, alisema kwa kifupi kwamba Jumatatu mchoraji asije tena kazini.

Mchoraji alisogea kwenye rundo la vyuma vipya, akashika ncha ya tepu. Cheche akashika nyingine.

"Nilitaka kukuokoa," alisema.

"Ungeniambia."

"Ningekupigia tena, ungepokea?"

"Nisingepokea. Ungekuja."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Basi nakuja Jumapili," alisema. "Na mama, na baba mdogo. Kwa shangazi yako."

"Kwa mtu asiye na kazi?"

"Kwako wewe."

Mchoraji aliivuta tepu ikanyooka, akainama na kusoma namba ya upande wake kwa sauti, naye Cheche akasoma ya kwake. Sifuri, na mita nne kamili. Wakapima tena, na mara ya tatu, kisha Cheche akavaa miwani na kukata.