Picha Tisa

"Mpya, hata kama ni ndogo," mke alisema.

"Ndogo ya kumpigia nani, sisimizi?" mume alijibu. "Mteja aingie studio akute nimeshika kitu kama kipande cha sabuni? Atatoka anacheka."

"Atatoka na picha yake. Na ile ya dukani ina waranti ya mwaka mzima. Hii ina nini?"

"Hii ina lenzi. Umeiangalia lenzi, au umeangalia bei tu?"

"Bei ndiyo ninayoijua, kwa sababu pesa ni yangu."

Waligombana kwa kunong'ona, maana walikuwa sebuleni kwa watu na kamera yenyewe ilikuwa mezani mbele yao. Mume alikuwa mpiga picha za pasipoti. Mtaani walimwita Flashi, jina alilojipa mwenyewe halafu akajifanya amepewa. Mke alikuwa mshonaji, naye walimwita Mama Cherehani, kwa kuwa hakuwa na mtoto na mashine ilikuwa haimtoki mikononi. Kamera yao ya zamani ilikuwa imekufa. Miezi minane ya kushona sare za shule ilikuwa imeleta pesa ya kununua nyingine, moja tu: ama ile mpya ndogo ya dukani, ama hii ya mtumba, kubwa, nyeusi, iliyochubuka kila pembe, na mpira wake wa kushikia umelegea na kunata kama pipi iliyotemwa.

Flashi alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akijifanya mjuzi. Kioo cha nyuma kikaonyesha namba: 3,612.

"Unaona? Hizo ndizo picha ilizopiga tangu itoke kiwandani. Kamera ya kazi hupiga laki na zaidi. Hii ndiyo kwanza imeamka."

"Mbona imechakaa hivyo?"

"Haikutunzwa. Wapo watu hawajui thamani ya kitu." Alisema hivyo mbele ya mwenye kamera, bila hata kushusha sauti.

Mwenye kamera alikuwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, na unyusi wake wa kushoto ulikuwa umekatwa na kovu. Pembeni yake alikaa mkewe, msichana wa miaka ishirini na kidogo. Mama Cherehani alimtazama mara moja tu akamaliza kumhukumu: kibinti kimejiuza kwa kikongwe. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi. Bibi harusi alikuwa msichana huyo huyo, lakini bwana harusi alikuwa kijana mwenye mabega mapana, naye unyusi wake wa kushoto ulikatwa na kovu. Huyo atakuwa mwanawe, Mama Cherehani aliwaza. Kaanza na mtoto, kamalizia na baba. Akabetua midomo.

Msichana aliipokea pesa na kuifumbata bila kuihesabu. Mzee aliwasindikiza hadi mlangoni akishika ukuta.

"Kijana," alisema kwa sauti ndogo, akigeuka nyuma kama anayeogopa mkewe asisikie, "ikianza kung'aa, usifurahi. Itoe mapema. Mimi nilichelewa."

Flashi alimpima kuanzia ndala hadi mvi.

"Mzee, mambo ya kamera waachie wenye macho."

Mama Cherehani alicheka. Kwa siku nzima ile, hapo tu ndipo walipokubaliana.

Studio yao ilikuwa chumba kimoja. Mbele palikuwa na kigoda cha mteja, taa mbili, na shuka jeupe lililoning'inizwa kwenye waya hatua moja kutoka ukutani. Nyuma ya shuka Mama Cherehani alipanga majora yake ya vitambaa, na cherehani yake ilikaa kona ya pili, nyuma ya pazia. Kwa hiyo alisikia kila mteja, kila "kaa wima," kila "usicheke, hii ni pasipoti," na kila mlio wa kamera.

Picha zilitoka safi, hilo hakuweza kulikataa. Wateja waliongezeka na Flashi akaongeza maringo. Kisha asubuhi moja, akifuta vumbi, Mama Cherehani aliona kwamba pembe ya kamera iliyokuwa imechubuka imekuwa nyeusi tena. Aliipitisha ukucha, hakukuwa na mkwaruzo. Akajua mumewe ameipaka wino. Mwanamume mzima, anakaa anaipaka kamera rangi kama mtoto anayepaka kucha. Hakumuuliza. Kumdharau kimyakimya kulimpa raha zaidi.

Wiki iliyofuata mpira wa kushikia uliacha kunata. Wiki nyingine ikaja harufu, ile ya boksi linapofunguliwa mara ya kwanza, ya plastiki na sponji. Ilianza kidogo, karibu na kamera. Baadaye ilijaa chumba kizima, ikaingia kwenye vitambaa, hata chai ikanukia kitu kipya.

"Namba imeshuka," Flashi alisema siku moja, akikunja uso mbele ya kioo cha nyuma. "Inasoma elfu mbili na mia nne."

"Namba za picha zinashuka?"

"Ni betri. Betri ikichoka inadanganya."

"Na wewe betri yako imechoka lini? Saa nne asubuhi umeshasinzia."

Ni kweli alikuwa anasinzia. Mvi zilikuwa zimemjia kwenye mashavu na magoti yake yalilia akiinama. Mama Cherehani aliyaona yote hayo akayaita uvivu. Mtu wa miaka thelathini na nne anayeshinda kwenye kiti, akimwambia mwenzake ageuze kidevu kushoto, atazeekaje kwa kazi? "Babu, chai yako," alimwambia mbele ya wateja, nao walicheka. Flashi alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Mchana mmoja mlango ulikuwa umefungwa kwa chakula. Flashi alilala kwenye kiti, mdomo wazi, na Mama Cherehani alikuwa anatunga uzi. Kamera ikalia.

Alivuta pazia. Mume alikuwa bado amelala, mikono mapajani. Kamera ilikuwa juu ya stendi yake, hatua tatu kutoka kwake, na lenzi ilikuwa imemwelekea. Ikalia tena. Mama Cherehani alijiambia ni hitilafu, ndivyo mtumba ulivyo, si alisema? Alisogea akatazama kioo cha nyuma. Kulikuwa na picha mbili za Flashi akiwa usingizini. Ya kwanza ilipigwa kutoka kwenye stendi. Ya pili ilipigwa kutoka juu yake, karibu kabisa, kama vile aliyepiga alikuwa ameinama kumchungulia kinywani.

Hakumwambia. Alidhani akimwambia atakuwa amekubali kwamba kamera yake ina jambo la ajabu, na Flashi angelifanya hilo nalo la kujivunia.

Siku chache baadaye alikuja mlinzi mwenye sare mpya, akitaka picha ya mwili mzima ampelekee mama yake. Picha ilipochapishwa, Mama Cherehani ndiye aliyekuwa anaikata kingo. Shuka jeupe halikufika sakafuni, lilibakiza nafasi ya shibiri moja, na katika nafasi ile, nyuma ya visigino vya mlinzi, palikuwa na nyayo mbili. Zilikuwa nyeusi, zimepasuka, kucha zimejikunja. Alilivuta shuka. Majora yalikuwa mahali pake, na hakukuwa na nafasi hata ya paka kusimama. Kwa wiki tatu alijizuia, kisha akaenda kwenye sanduku la picha zilizobaki, akatafuta nyingine za mwili mzima, za wiki ile ya mlinzi na za baadaye kadiri zilivyopigwa, na kila alipotoa moja aliziona zile nyayo, na katika kila picha zilikuwa bora kuliko katika iliyotangulia: mipasuko ikaziba, kucha zikanyooka, ngozi ikalainika, mpaka ile ya mwisho iliyopigwa jana yake ilikuwa na miguu ya kijana wa kwenda disko.

Hata hivyo kilichomwaminisha ni suruali. Alimshonea Flashi suruali mbili kwa vipimo vilivyokuwa kwenye daftari lake tangu walipooana, naye akaivaa moja ikafagia sakafu.

"Umeshona ya nani hii?" Flashi aliuliza.

"Yako. Simama wima."

"Nimesimama."

Alichukua futi kamba. Akampima kiuno hadi kisigino, akarudia, akarudia tena, na daftari lilisema namba moja na futi ikasema nyingine, na kati yao palikuwa na vidole vitatu vya mfupa wa mwanamume ambavyo havikuwapo tena. Alinyanyua uso. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu alimtazama mumewe bila kutafuta cha kumcheka, na mbele yake palikuwa na mzee.

"Na wewe umeona," Flashi alisema polepole. "Nilidhani utacheka."

Siku ile ile Mama Cherehani alikimbia kwa wale waliowauzia kamera. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Ukutani, pale ilipokuwa picha ya harusi, palibaki msumari, na ndipo alipoelewa kwamba yule kijana wa picha na yule mzee walikuwa na kovu moja, mtu mmoja.

Akamleta Bi Ubani, mwanamke aliyekuwa akiwasomea dua watu wenye majini. Mama Cherehani alimdharau tangu alipomwona: mwavuli uliovunjika, mkoba wa plastiki, na nauli aliyoidai kabla ya salamu. Lakini Bi Ubani alifika kizingitini akanusa, akarudisha mguu nje.

"Siingii," alisema chini chini. "Hiki kitu kilinunuliwa?"

"Ndiyo."

"Nani alikichagua?"

"Mume wangu."

"Basi ndiye analiwa. Kitu kilichoingia kwa kununuliwa hakitoki kwa kutupwa, mwanangu, wala kwa moto. Kinatoka kwa kununuliwa."

"Na namba ikifika sifuri?"

Bi Ubani alitazama shuka jeupe kwa mbali. "Mtoto akitimia hukaa tumboni? Aliyemo atatoka. Na pale alipotoka hapatabaki patupu, aliyeliwa ndiye ataingia."

Alirudisha nauli yote kwenye kiganja cha Mama Cherehani, akaondoka bila kufungua mwavuli, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mama Cherehani hakuamini mtu mwenye mwavuli wa namna ile. Akaitupa kamera kwenye shimo la taka, aliporudi akaikuta juu ya stendi, kavu, mkanda umekunjwa kama ulivyotoka kiwandani. Flashi aliacha kupiga picha, lakini kamera haikuacha. Ililia saa tatu, ikalia saa sita, ikalia wakati wanakula na mikono iko kwenye sahani, na kila ilipolia namba ilishuka na mzee aliyekuwa mume wake alishika kifua, na nyuma ya shuka, kwenye nafasi ile ya shibiri, mchana kweupe, jua likiwa limejaa chumba na watu wakipita nje wakicheka na kusalimiana, Mama Cherehani alianza kuziona bila picha yoyote: nyayo mbili ndogo, nene, nyekundu kwa chini, za mtoto ambaye hajawahi kukanyaga popote.

Alibandika karatasi mlangoni: kamera inauzwa.

Namba ilikuwa tisa msichana mmoja mgeni alipobisha. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, ameacha shule, na vidole vyake vilikuwa vimechunika kwa sabuni ya kufulia nguo za watu. Alitaka kuanza kupiga picha za sherehe.

"Dukani wana mpya," alisema, akiigeuza kamera kwenye mwanga, "lakini ni kadogo, mama, kama kipande cha sabuni. Hii mbona haina hata alama? Imepiga ngapi?"

Mama Cherehani alibonyeza vitufe viwili.

"Tisa," alisema.

"Tisa tu? Si ni mpya kabisa. Na mnaiuza bei hii?" Msichana alimtazama yeye, akamtazama kikongwe kwenye kiti, akaitazama picha yao ya harusi iliyokuwa ukutani. Kona ya mdomo wake ilipanda kidogo. Mama Cherehani aliutambua mtazamo ule. Ulikuwa wake.

Alijua alichopaswa kusema. Lilikuwa neno alilolisema mwenyewe kwenye sebule ya watu, *mpya, hata kama ni ndogo,* na lilikuwa kooni. Aliona vile vidole vilivyochunika, akahesabu miezi ya kufua iliyokuwa kwenye ule mkono. Kisha Flashi akakohoa, kikohozi chembamba kisicho na pumzi nyuma yake, na Mama Cherehani akanyoosha kiganja, akaipokea pesa na kuifumbata bila kuihesabu.

Msichana akajivika mkanda shingoni. Alikuwa ameshafika kwenye kizingiti pale Flashi aliponyanyuka, akishika ukuta, akiburuta ile suruali ndefu.

"Mwanangu, iache," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, naye alimwangalia mkewe kama anayeogopa asisikie. "Kanunue ile ya dukani, hata kama ni ndogo. Mimi nina miaka thelathini na nne."

Kifuani pa msichana kamera ililia yenyewe, mara moja. Hakuisikia. Alikuwa anampima mzee kuanzia ndala hadi mvi, na alipomaliza alitabasamu, akasema:

"Babu, mambo ya kamera waachie wenye macho."