Betri Mbili za Nahodha

Kila asubuhi mjane mmoja huvusha watu mtoni kwa boti ya injini aliyoachiwa na mumewe. Abiria humwita Nahodha. Botini mna taa, redio na sehemu ya kuchajia simu, na hiyo ya simu watu huigombania kuliko viti.

Siku moja boti ilikuwa ng'ambo ikisubiri abiria. Injini imezimwa, redio inaimba, simu zinachaji. Boti ilipojaa, Nahodha aliisukuma kutoka gatini, akageuza ufunguo. Injini ilikohoa kidogo, ikanyamaza. Maji yakawachukua mpaka wakakwama kwenye matete. Abiria walishuka na viatu mkononi, huku wakimsema. Na haikuwa mara ya kwanza.

Jioni alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, amekunja uso. Alisema boti si kazi ya mwanamke. Tena mnunuzi ameshapatikana, na atamleta wiki hiyo hiyo.

"Mlete, shemeji," Nahodha alisema. "Atanikuta kazini."

Shemeji alipoondoka, Nahodha alibaki akijiuliza. Betri ya pili alikuwa ameinunua juzijuzi tu, sasa injini inakataaje kuwaka? Akamwita jirani yake, fundi umeme asiyeishiwa utani. Fundi alifunua kifuniko cha sanduku la betri, akacheka.

"Nani amezifunga hivi?"

"Mimi. Nilijua zikishikana zitaongeza nguvu."

"Zimeshikana kweli, dada. Hata kufa zinakufa pamoja."

Kisha akamweleza polepole. Betri mpya iwe ya kuwasha injini tu. Ile kuukuu ibebe taa, redio na simu. Zikiunganishwa moja kwa moja, simu za abiria huzinyonya zote mbili wakati injini imezimwa. Kwa hiyo kati ya betri hizo hufungwa kiboksi cha kugawa chaji. Injini ikinguruma, betri ya injini huanza kupata chaji, halafu na ya pili. Injini ikizimwa, kiboksi huzitenganisha.

Fundi alikifunga kiboksi hicho, akaweka pia fyuzi karibu na kila betri. Akatoboa matundu kwenye sanduku, maana betri inapochaji hutoa gesi inayoweza kulipuka.

"Kwa hiyo simu za watu nizikatae?" Nahodha aliuliza.

"Wachaji mpaka wachoke. Betri ya injini hawataigusa."

Siku ya mnunuzi, boti ilikuwa gatini imejaa. Redio ilikuwa imeimba muda mrefu na injini imezimwa. Shemeji alimwongoza mgeni wake ndani, akatangaza mbele ya watu kwamba chombo kinamsumbua mwanamke, ndiyo maana wanakiuza.

Nahodha aligeuza ufunguo. Injini ikawaka papo hapo.

Mnunuzi alitabasamu, akauliza bei.

"Kama unavuka, kaa," Nahodha alimwambia. "Kama unanunua, shuka."

Mnunuzi akakaa. Shemeji ndiye aliyeshuka.