Motere Ilipozimwa

Kila Jumamosi baada ya masomo, msichana Masika alikwenda kumsaidia baba yake, Hippolyte, aliyeosha magari kando ya mto Kimemi, mjini Butembo. Kazi ya Masika ilikuwa sabuni na kitambaa. Mashine ya kusukuma maji, yenye motere ya petroli, mpira mrefu na mkono wa chuma wa kurushia maji, wenye kifyatulio, ilikuwa ya baba peke yake. Hippolyte alivaa buti, akasimama mbali kidogo na gari, na hakumwelekezea mtu maji yale hata kwa mzaha. Yalibandua tope gumu kama ganda la ndizi.

Ilikuwa miaka ya uasi. Jumamosi hiyo ililetwa kamioneti ya mzee Amisi, mfanyabiashara wa Beni. Dereva wake, Esdras, alikuwa ameuawa barabarani na watu wenye silaha. Masika alimpenda sana Esdras. Alizoea kumtania kwamba povu lake lingetosha kuwaogesha watu wote wa kijiji cha Kipese. Sasa gari lilikuja bila yeye, likiwa na tundu la risasi mlangoni, na Masika hakuthubutu kukitazama kiti chake. Waoshaji wengine walikataa kuligusa gari hilo. Hippolyte alilipokea.

Katikati ya kazi, mzee Amisi alimwita Hippolyte barabarani. Hippolyte akazima motere, akalaza mkono wa chuma chini karibu na mlango wa dereva, akaenda. Kimya kikatanda. Ndipo Masika na rafiki yake Simone, aliyekuja kumtembelea, waliposikia sauti ndogo mlangoni pale: sss, sss.

"Unasikia?" Simone alinong'ona. "Ni Esdras. Anakuita."

"Hapana. Ni maji tu."

"Maji gani? Motere imekufa. Kitu yenye imekufa, itatoa sauti namna gani?"

Watu wa Butembo husema hivyo motere ikizimwa: imekufa. Masika aliliamini neno hilo. Hata hivyo, alitaka kujihakikishia kwamba si Esdras. Akaokota mkono wa chuma, akaona tundu la ncha yake linavuja, akaliziba kwa kiganja cha kulia. Sauti ikakoma. Lakini alipokaza kuushika ule mkono wa chuma, kidole chake cha kushoto kilibonyeza kifyatulio.

Maji yaliyobanwa ndani ya mpira yaliruka mara moja tu. Masika alihisi kama amechomwa sindano ya moto. Kiganjani palikuwa na tundu dogo kama punje ya ulezi, na tone la damu.

"Amekuuma," Simone alisema.

Masika alimsihi anyamaze. Habari ikienea kwamba gari la marehemu linauma, nani angelipanda tena? Alificha mkono ndani ya kitambaa, akaendelea kufuta kwa mkono wa kushoto, huku akihisi Esdras anamtazama mgongoni. Gari lilikuwa halijakauka, na kiganja kimekwisha kuvimba. Vidole havikukunjika. Simone akashindwa kuvumilia, akamkimbilia Hippolyte na kumweleza yote.

Hippolyte alilitazama tundu lile, uso ukamsawijika.

"Papa, ni kidonda kidogo," Masika alisema.

"Hapana kidogo. Maji iliingia ndani na buchafu yote. Tuende ku hôpital sasa hivi."

Mzee Amisi aliendesha kamioneti mwenyewe. Daktari alipasua kiganja, akakisafisha, akakifunga. Alisema kwamba kama wangengoja mpaka kesho yake, huenda angelazimika kukata vidole.

Jioni Hippolyte aliketi hospitalini kando ya kitanda cha Masika. "Mutoto yangu, kosa ya kwanza ni yangu. Nilizima motere, lakini sikutosha maji, haikutoka yote mu mpira. Kisha kuzima, tunaelekeza chini, tunabonyeza mpaka maji inaisha. Wewe uligusa chenye nilikukataza, tena ukaficha kidonda. Hii ya pili ndiyo ilitaka kukunyanganya mukono."

"Papa, bote tunasema imekufa."

"Tunasema vibaya. Ilinyamaza tu, nguvu ingali ndani."

Masika alitazama kiganja kilichofungwa. "Nilizani ni Esdras ndiye aliniuma."

Mzee Amisi alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. "Esdras hakuumizaka mutu wakati alikuwa muzima," alimwambia Masika. "Ataanza sasa? Esdras ni wa kulilia, mama, hapana wa kuogopa."

Kisha akaingia, akaketi, na wakamlilia pamoja.