Mbao za Gogo Moja

Duilio, fundi makabati wa Cascina, alisimamisha randa yake. Binti yake Ornella alikuwa amekodolea macho kompyuta tangu asubuhi, mkate wa dengu umepoa pembeni.

"Kula, mama," baba yake akamwambia.

Ornella akasema hana hamu. Ijumaa anatuma makala yake ya kwanza, na kuna kitu kinamkera. Amepima jozi arobaini za mashimo meusi, na zote zimetoa jibu moja: mashimo ya kila jozi yamezaliwa pamoja. Akituma uongo, nani atamwamini tena?

Jirani yao Fosca alikuwa amefuata droo yake. Yeye anafanya kazi kule mashambani, kwenye mabomba marefu ya wanasayansi yanayonasa mitikisiko ya anga. Duilio akamwuliza, hayo mashimo yana ubaya gani?

"Nyota mbili zilizozaliwa pamoja zikifa, zinaweza kuacha mashimo mawili meusi," Fosca akasema. "Kila moja linajizungusha kama pia ya watoto, na mara nyingi yote yamesimama sawa. Mengine yanakutana ukubwani, kwenye msongamano wa nyota. Hayo kila moja limeinama kivyake. Yakigongana, anga inatikisika, mabomba yanasikia. Kwenye mtikisiko ule tunasoma yalivyoinama."

"Kumbe kama nyuzi za mbao," Duilio akasema. "Za gogo moja zinaelekea pamoja. Ila mimi nikiletewa jozi arobaini za mbao, kila jozi gogo moja, namwuliza aliyezichagua: zingine umezitupa wapi?"

Fosca akacheka. Ornella hakucheka. Alirudi juu kabisa kwenye hesabu zake. Ilikuwepo pale, amri aliyoiweka mwenyewe miezi mitatu nyuma ili hesabu ziende haraka: chukulia zote zimesimama sawa. Yaani alikuwa ameiambia mashine jibu, halafu akaiuliza swali. Akamwonyesha Fosca.

"Usijali," Fosca akamwambia. "Ifute, urudie. Na usiape kwa jozi moja, maana mtikisiko mmoja huwa na ukungu. Ziangalie zote kwa pamoja."

Alifuta. Mashine ikakokotoa siku mbili. Alhamisi jibu likatoka: nyingi zilielekea kuwa za kukutana ukubwani, nyingine za kuzaliwa pamoja. Ornella akashusha pumzi mpaka vumbi la mbao likaruka mezani.

Akavuta sahani ya mkate wa dengu, akamega.

"Huo wa juzi," Duilio akasema.

"Mtamu," akajibu, mdomo umejaa.