Pini ya Katikati

Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, naweka yai shavuni. Mashine yetu ya kutotolea vifaranga ina kipimajoto, lakini mimi sina moyo wa kukiachia kila kitu. Shavu halidanganyi.

Mayai yalikuwa sitini, siku ya kumi na nane. Zilibaki siku tatu tu yaanguliwe. Asubuhi hiyo rilei iliungua. Rilei ni kiboksi cheusi kinachowasha na kuzima taa za joto kwa amri ya kipimajoto. Mume wangu akanunua nyingine. Ya zamani ilikuwa na pini nne, mpya ina tano. Waya wa taa akauchomeka kwenye pini ya katikati.

"Mkubwa hukaa katikati," alisema.

Kiboksi kikalia, ta. Taa zikakaa kimya.

"Zinapumzika, mama watoto. Punguza wasiwasi."

Baada ya saa moja nikaweka yai shavuni. Lilikuwa limepoa. Nikampigia wifi yangu, fundi umeme wa magari.

Alifika, akatazama, akacheka.

"Kaka, umeme haujui cheo. Namba zimeandikwa chini ya pini. Ulisoma?"

"Ni ndogo mno."

"Macho ya kusoma matokeo ya mpira unayo."

Kwanza alichomoa waya wa betri ya gari inayoendesha mashine. Kisha akabandua kifuniko cha rilei, akatuita. Ndani mlikuwa na waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana. Juu yake, kiulimi cha chuma.

"Hii ndiyo koili. Pini zake ni 85 na 86. Tazameni."

Akazigusisha kwenye betri ndogo ya pikipiki aliyokuja nayo. Kiulimi kikaruka chenyewe. Ta. Hakuna mkono uliokigusa. Nilishika kifua.

"Rudia, wifi."

Akarudia. Nilitazama kama mtoto.

"Umeme mkubwa huingia 30, kwenye ulimi," alieleza. "Koili ikilala, ulimi unagusa 87a, hii ya katikati. Koili ikiamka, ulimi unaiacha na kugusa 87."

"Sasa kosa letu?" nikauliza.

"Mashine ikipoa, kipimajoto huamsha koili. Nyinyi taa mmezitia 87a, kwa hiyo zikazimika wakati mayai yanazihitaji. Na kama mngeiwasha ikiwa na moto, zisingezimika. Mngekula mayai ya kuchemsha."

Mume wangu alihamisha waya mwenyewe, akisoma namba kwa sauti. Betri ikarudishwa. Ta. Taa zikawaka, nami nikakaa chini sakafuni.

Ewe mama mwenzangu, na wewe baba, usichomeke waya kwa kukisia. Chomoa betri, soma namba, usipoziona mwombe mwenye macho akusomee.

Siku ya ishirini na moja nilisikia ta. Nikaitazama rilei. Haikuwa rilei. Yai lililokuwa mkononi mwangu, njiani kwenda shavuni, lilikuwa na ufa, na ndani yake mtu alikuwa anagonga.